Kishikio cha Taa na Shokapu: Kipande cha Hotrodi Unachoweza Kukitengeneza Nyumbani kwa Mkono

Ukivua madigadi ya mbele ya Ford Model A, taa zinakosa pa kukaa. Kwenye gari hilo, la modeli za miaka ya 1928 hadi 1931, taa zilifungwa juu ya ufito wa chuma uliounganisha madigadi ya kushoto na ya kulia. Madigadi yakiondoka, ufito nao hauna kazi. Na kwa kuwa anayejenga hotrodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kubadilishwa ili liende kasi, huondoa pia shokapu za asili, zile za mkono wa kupanda na kushuka, na kuweka za bomba, kazi mbili zinakutana mahali pamoja: panahitajika kishikio kinachofungwa ubavuni mwa chasisi, kibebe ncha ya juu ya shokapu, na taa ikae juu yake.

Vishikio hivyo vinauzwa tayari Marekani. Lakini vijana wa kusini mwa California walioanzisha mchezo huu, wakishindana kwenye sakafu za maziwa ya maji yaliyokauka kama Muroc na El Mirage, na mwaka 1937 wakaunda SCTA (Southern California Timing Association), chama chao cha kupima kasi, hawakuwa na duka la kununua kila kitu. Walivua madigadi ili gari liwe jepesi, wakachukua vipuri kwenye skrepa, na visivyopatikana wakavitengeneza wenyewe. Kazi hiyo bado inafanyika kwa jiliwa, msumeno wa chuma, drili, tupa na mashine ndogo ya kuchomelea. Naamini kinachoharibu kazi za nyumbani si ukosefu wa mashine kubwa, ni kuvuruga mpangilio: mtu anakata kabla ya kutoboa, anakunja kabla ya kusawazisha kingo, anachomelea kabla ya kujaribu kipande kwenye gari. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zifuate jinsi zilivyopangwa.

Kabla hujagusa chuma, jua mpaka wako. Kishikio hiki kikivunjika barabarani utapoteza taa moja na shokapu moja, na bado utaweza kusimama. Mkono wa usukani, spindeli ya gurudumu au pedali ya breki ikivunjika, hali si hiyo. Vipande hivyo nunua vilivyotengenezwa na watu wenye vipimo na majaribio yao, hata kama tayari unachomelea vizuri.

Vifaa na chuma

Jiliwa iwe imara na imefungwa kwenye meza isiyotikisika. Meza ikicheza, msumeno utapinda na tupa itaruka. Tafuta nyundo ya kilo moja, senta panchi, msumari wa kuchorea, skwea, bikari, na tupa tatu: bapa kali, bapa laini na nusu duara. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 inatosha. Usiitoe kinga yake hata siku moja, na soma kasi iliyoandikwa kwenye diski: kwa ukubwa huo kikomo chake huwa karibu mizunguko 13,300 kwa dakika, wakati diski za milimita 230 huishia karibu 6,600. Diski kubwa kwenye mashine ndogo iliyovuliwa kinga hupasuka, na vipande vyake huua. Kwa fuawe, kipande cha reli kinatosha, kama wanavyofanya mafundi wa jua kali.

Chuma chako kiwe chuma laini cha kawaida, bamba la milimita 6, au robo inchi kama unanunua Marekani. Ubavu wa kuimarisha unaweza kuwa wa milimita 5. Jihadhari na chuma cha kuokota. Jani la springi lina kaboni nyingi. Ukilichomelea bila ujuzi wa kulipasha na kulipoza, litapasuka kando ya mshono. Fremu nyingi za vitanda vya zamani vya Marekani zimetokana na chuma cha reli za treni, ndiyo maana zinamaliza biti za drili. Ukiwa na shaka, gusisha ukingo kwenye grainda. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka zenye matawi machache. Cheche fupi zinazopasukapasuka na kutawanyika zinakuonya. Tupa nayo husema: ikiteleza bila kuuma, kipande hicho kirudishe ulikokitoa.

1. Kiolezo cha kadibodi, gari likiwa na uzito wake

Watu wengi hupima gari likiwa tupu juu ya stendi. Springi ya mbele haijabeba injini wala rejeta, pua ya gari imeinuka, na vipimo vyote vinatoka vya uongo. Weka injini na rejeta, shusha gari juu ya magurudumu yake, liyumbishe kidogo likae lilipozoea, ndipo uanze kupima.

Shokapu ikae katikati ya mwendo wake. Kama ikifungwa ina sentimita 23 na ikivutwa ina sentimita 33, basi gari likiwa limetulia umbali kati ya pini ya juu na ya chini uwe sentimita 28. Unaweza kuiinamisha kidogo, lakini usiilaze. Ikilala nyuzi 20 kutoka wima, bado inafanya karibu asilimia 88 ya kazi yake kwenye gurudumu. Ikilala nyuzi 45 imebaki na nusu.

Taa nayo ina sheria. Kiwango cha taifa cha Marekani kinataka katikati ya taa ya mbele iwe kati ya inchi 22 na inchi 54 kutoka ardhini, na majimbo mengine yana kiwango chao cha chini kilicho juu zaidi. Hotrodi hukaa chini, kwa hiyo ni kikomo cha chini kitakachokusumbua. Angalia sheria ya jimbo lako kabla ya kuamua urefu.

Sasa kata kadibodi ngumu. Umbo ninalolipendekeza ni hili: chini pana kiasi cha milimita 130, ndipo boliti tatu zitakapopita kwenye reli ya chasisi (mhimili mrefu wa pembeni), kuelekea juu linapungua hadi milimita 60, juu kabisa linakunjwa kwenda nje kuwa kirafu ambacho taa itasimama. Kidogo chini ya kirafu, pini ya shokapu inatokeza kwenda nje. Ishike kadibodi kwenye gari, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, angalia tairi haigusi, angalia boneti inafunguka na waya wa taa una pa kupita. Rekebisha, kata nyingine. Kadibodi haina gharama, itumie hadi macho yako yaridhike, maana kwenye hotrodi kipande hiki hakifichwi na chochote.

2. Hesabu ya kunja na kuchora

Chuma kikikunjwa, urefu wake hauwi jumla ya pande mbili ulizopima kwa nje. Kwa bamba la milimita 6 linalokunjwa nyuzi 90 kwa kona yenye nusu kipenyo cha ndani cha milimita 6, unatoa karibu milimita 11. Ukitaka upande wa wima wa milimita 180 na kirafu cha milimita 60, kata bamba la milimita 229, si 240. Usikaze kona iwe kali kuliko unene wa bamba. Kona kali ndipo ufa unapoanzia.

Paka bamba rangi ya kuchorea au kalamu nyeusi ya wino, kisha chora kwa msumari mkali. Chaki na penseli huacha mstari mnene usiokuambia ukate wapi. Kila tundu la boliti liwe mbali na ukingo: kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pawe angalau mara mbili ya kipenyo cha boliti. Kwa boliti ya inchi tatu kwa nane, ambayo ni karibu milimita 9.5, hiyo ni milimita 19 au 20. Kila kona ya ndani iwe ya mviringo. Kama mistari miwili inakutana kwa kona ya ndani, toboa tundu la milimita 8 au 10 pale inapokutana, ili msumeno ukifika uingie kwenye tundu na usipitilize.

3. Toboa kabla ya kukata

Bamba zima ni rahisi kulishika. Kipande kilichokwisha kukatwa kinakuwa na umbo ambalo klampu haipati pa kuuma, na drili ikinasa kinazunguka na kukata vidole. Kwa hiyo matundu yote yatoboe wakati bamba bado ni la mraba.

Piga senta panchi kwa uthabiti, anza na biti ya milimita 3 au 4, kisha panua. Kwa biti ya milimita 10 kwenye chuma laini, kasi ya mizunguko karibu 800 kwa dakika inatosha; wengi hukimbiza drili, biti inakuwa ya buluu na makali yanakwisha. Tia mafuta, sukuma kwa nguvu, punguza nguvu biti inapokaribia kutokea upande wa pili. Tundu kubwa la kupitisha bushi ya shokapu (kipande cha bomba nene kitakachopitisha boliti yake) lipate kwa msumeno wa tundu, au kwa njia ya zamani: zungusha matundu madogo yaliyokaribiana ndani ya mstari, kata yaliyobaki kwa tindo, malizia kwa tupa nusu duara.

Fanya vipande viwili kwa wakati mmoja. Toboa tundu moja kupitia mabamba yote mawili, funga boliti, toboa la pili, funga tena, kisha endelea. Tangu hapo hadi utakapomaliza kupiga tupa, mabamba hayo mawili ni kipande kimoja, na cha kushoto kitafanana na cha kulia bila wewe kupima mara ya pili.

4. Kukata

Kwa mabamba mawili ya milimita 6 yaliyofungwa pamoja, weka usu (ukanda wa meno wa msumeno) wa meno 18 kwa inchi. Kwa bamba la milimita 3 weka wa meno 24, na bati jembamba weka wa meno 32. Kanuni ni kwamba angalau meno matatu yawe ndani ya chuma wakati wote, la sivyo yatanasa na kuvunjika. Meno yaelekee mbele, usu uvutwe hadi ukipigwa kidole ulie. Kata unaposukuma, inua kidogo unaporudi, tumia urefu wote wa usu, mapigo yasiyozidi 50 kwa dakika. Acha milimita moja nje ya mstari.

Grainda ni ya haraka zaidi, na sikatazi kuitumia kwenye mistari mirefu iliyonyooka. Ila kwenye kona za ndani iache: diski ni duara, itakata juu zaidi kuliko chini, na utakuwa umepitiliza kabla hujaona.

5. Tupa

Hapa ndipo kipande kinapopata sura yake, na hapa ndipo watu hukosa subira.

Tupa hukata ikienda mbele tu. Kuirudisha ukiwa umeikandamiza ni kuimaliza. Shika mpini kwa mkono mmoja, ncha kwa mwingine, na uhamishe nguvu taratibu kutoka mkono wa mbele kwenda wa nyuma kadiri tupa inavyosonga. Usipofanya hivyo ukingo utakuwa na mgongo katikati. Paka chaki kwenye meno ya tupa ili unga wa chuma usinase, na uyasafishe kwa brashi ya waya mara kwa mara. Chembe moja iliyonasa inachora mfereji ambao utachukua muda mrefu kuufuta.

Anza na tupa kali hadi mstari uguse, kisha laini. Mwishoni shika tupa kwa mikono miwili kwa upana, ikiwa imekaa kukingama ukingo, uivute na kuisukuma kando yake. Mikwaruzo yote italala kwa urefu wa kipande. Jambo hili si urembo tu. Kishikio cha taa hutikisika wakati wote gari linapotembea, na ufa wa uchovu wa chuma hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo uliokatiza ukingo.

Kwa ncha za mviringo kuna ujanja mzuri. Chukua washa mbili ngumu zenye kipenyo unachotaka ncha iwe nacho, weka moja kila upande wa tundu, funga kwa boliti, kisha piga tupa hadi iguse washa. Tupa itateleza juu ya washa ngumu na kukuambia umefika. Duara linatoka safi, na vipande vyote viwili vinalingana.

Ukimaliza, vunja makali ya kila ukingo na kila mdomo wa tundu, nusu milimita hivi. Ndipo utenganishe mabamba.

6. Kukunja

Andika KUSHOTO na KULIA kwenye mabamba kabla ya kuwasha moto. Sasa ni pacha, lakini kunja zake zinaelekea pande tofauti, na ukisahau utapata vishikio viwili vya upande mmoja.

Bamba la milimita 6 lenye upana wa milimita 60 halikubali kwa urahisi kukunjwa baridi kwenye jiliwa ya nyumbani. Lipashe kwa moto wa oksijeni na asetilini. Funga kwenye jiliwa pamoja na nondo ya milimita 12 upande wa ndani wa kunja, ili ikupe ile kona ya milimita 6. Pasha mstari wote wa kunja, pande zote mbili, hadi uwe mwekundu wa kung'aa unaoonekana vizuri kivulini. Juani rangi inakudanganya na unaweza kuzidisha. Kunja kwa kuvuta kwa bomba au koleo, na utumie nyundo kunyoosha tu. Rangi ikififia simama, pasha tena. Usiligonge bamba likiwa kwenye joto la buluu, kati ya nyuzi 200 na 370 za Selsiasi, maana hapo chuma hupoteza unyumbufu na huweza kupasuka ndani bila kuonyesha. Liache lipoe lenyewe hewani.

Kama huna gesi, kata kirafu kama kipande cha pekee, piga kingo zote mbili mteremko wa nyuzi 30, na ukichomelee mahali pake.

7. Kuchomelea bushi na ubavu

Pini ya shokapu isiwe boliti iliyochomelewa. Boliti ngumu imepata nguvu yake kwa joto lililodhibitiwa, na moto wa kuchomelea unaiondoa. Badala yake chomelea bushi ya bomba nene, iliyopita ndani ya bamba na kushikwa pande zote mbili, kisha boliti ipite ndani yake na iweze kubadilishwa.

Ubavu ni kamba ya chuma yenye upana wa milimita 30, inayosimama wima kwenye ukingo wa nyuma wa bamba, kuanzia eneo la boliti chini hadi chini ya kirafu. Bila huo, shokapu inayovuta upande wa nje itakunja bamba pale pale linapoacha reli ya chasisi. Ubavu lazima uanzie chini ya ukingo wa juu wa reli. Ukianzia hapo hapo ukingoni, umeweka mwanzo wa ufa mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote.

Safisha chuma hadi king'ae. Kama kina zinki, iondoe yote, moshi wake huleta homa. Na usikisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini: mabaki yake yakikutana na mwanga na joto la kuchomelea huweza kugeuka gesi ya fosjini, ambayo huua kwa kiasi kidogo sana. Asetoni iliyokauka kabisa ni salama zaidi.

Kwa fimbo za kuchomelea za aina ya 6013 za milimita 2.5, anza karibu ampea 75; kwa za 3.2, karibu 110. Kwanza chomelea vipande viwili vya mabaki kwa umbo la T, kisha uvivunje kwa nyundo. Kama mshono umeng'oka kwenye bamba na kuliacha laini, haukuingia. Ongeza ampea au punguza mwendo. Mshono ukijikunja na kuchanika ndani yake wenyewe, bila vitundu, uko tayari kwa kazi.

Shikiza kwa nukta, peleka kipande kwenye gari, kifunge, jaribu shokapu na taa, geuza usukani. Kikikubali, rudi mezani uchomelee mishono mifupi kwa kupokezana pande ili bamba lisivutwe. Zungusha mshono kwenye ncha za ubavu, usiukatishe kwenye kona. Gonga gamba, piga brashi. Mishono ya kona usiisage ikawa bapa ili ionekane imemiminwa. Chuma unachoondoa ndicho kinachobeba mzigo.

8. Kufunga

Reli ya chasisi ya Model A ina umbo la C, iko wazi upande wa ndani. Weka bamba la kuegemea la milimita 6 ndani ya reli, ili boliti zisivute chuma chembamba. Kama reli imefungwa kuwa boksi, chomelea vipande vya bomba ndani yake kwa kila boliti, la sivyo ukikaza utaiponda. Tumia boliti za daraja la 8, zinazotambulika kwa mistari sita kichwani, au 10.9 kama ni za milimita, pamoja na nati za kujifunga. Shina lisilo na nyuzi ndilo likae ndani ya tundu.

Ibonyeze springi hadi mwisho wake kwa jeki na mnyororo, uhakikishe shokapu haifiki mwisho kabla ya springi. Kisha paka rangi ya msingi na ya juu, isipokuwa uso unaogusana na chasisi, ambako rangi nene ikisagika huacha boliti zimelegea.

9. Ukaguzi wa kilomita za mwanzo

Baada ya kilomita mia moja kaza boliti tena. Baada ya elfu moja tafuta nyufa: safisha eneo la ubavu na la kunja, paka mafuta ya taa, yaache dakika kadhaa, futa kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ufa ukiwepo utarudisha mafuta na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Usiufunike kwa mshono mpya kutoka juu. Toa kipande, toboa tundu la milimita 3 kwenye mwisho wa ufa, uchimbe kwa grainda hadi chini, ndipo ujaze. Ufa ukirudi mahali pale pale, tatizo liko kwenye umbo: tengeneza kingine chenye ubavu mpana zaidi, ulioshuka chini zaidi kwenye reli.